Hewa ya Chini ya Sakafu

Barua ya maabara ilifika Jumanne asubuhi, Sabela akiwa amepiga magoti katika chumba cha chini, anabandika picha za ng'ombe na bata ukutani. Mikono ilikuwa imejaa gundi, kwa hiyo aliipasua bahasha kwa meno. Hakusoma maneno. Alitafuta tarakimu, akaipata katikati ya ukurasa: sitini na mbili. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kilikuwa mia tatu.

"Baba!" akapaza sauti. "Baba, njoo uone! Tumepita!"

Baba mkwe wake, Mzee Avelino, alikuwa kizingitini akivua viatu vyake vya matope. Alikuwa na miaka sabini na minne, mwashi tangu utoto, na nyumba hiyo aliijenga mwenyewe kwa mawe ya kijivu aliyoyapasua kwenye kilima cha nyuma. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa kuwa nje kuna mvua.

"Si nilikwambia? Nyumba ni nyumba. Haina gesi wala mzimu." Kisha akaenda kunawa mikono bila hata kuitupia barua jicho.

Sabela hakuona ajabu. Mzee huyo hakuwa mtu wa kurukaruka. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alikaa chini sakafuni akacheka peke yake. Alikuwa ameacha kazi ya kuosha wazee katika nyumba ya wazee mjini, akasoma miezi minane, akakubaliwa na baraza la wilaya kufungua nyumba ya kulelea watoto wadogo hapo hapo kijijini Penaboa. Watoto watano walikwisha andikishwa. Wazazi wao walikuwa wakiendesha gari dakika arobaini kila asubuhi kwenda kuwaacha mjini. Kilichobaki kilikuwa kipimo hicho tu. Nchi yao yote imekaa juu ya mwamba, na mwamba ule hutoa gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, hujikusanya ndani ya nyumba, na mtu akiivuta miaka mingi humla mapafu taratibu. Mwezi wa Novemba Sabela aliletewa kidude cheusi cha plastiki cha kuipimia, kidogo kama kibiriti, akakiweka juu ya kabati la chumba cha chini na kukiacha miezi mitatu, madirisha yakifungwa kama ilivyo desturi ya majira ya baridi. Februari akakirudisha maabara kwa posta. Sasa hii hapa karatasi.

Jioni mumewe Brais aliporudi na lori lake la kukusanya maziwa, alimbeba Sabela pamoja na binti yao Antía, wa miaka miwili, akawazungusha jikoni mpaka sufuria ya supu ikatikisika.

"Mama mwalimu! Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Machi nitakuwa naingia nyumbani kwangu kwa kubisha hodi!"

Mzee Avelino alimega mkate wake wa mahindi, akauchovya kwenye supu ya kabichi, akala akiwa ameinamisha kichwa.

Alhamisi Sabela alikwenda bustanini kuchuma majani ya kabichi. Upande wa pili wa ukuta mfupi alikuwapo jirani yao, Mama Obdulia, mjane mwenye kuku kumi na maneno elfu.

"Sabela, mwanangu, hebu nisaidie. Kile kidude cha panya kinafanya kazi au ni uongo wa dukani?"

"Kidude gani, Mama Obdulia?"

"Kile cheusi! Alichokitundika Avelino ghalani kwenu, kati ya mahindi. Tangu kabla ya Noeli nakiona kinaning'inia kwenye uzi. Mimi panya wangu wamenenepa kuliko paka. Nikamuuliza, baba wee, umekinunua wapi hicho? Akaniambia nichunge kuku wangu. Mtu mkavu yule! Sasa naona amekiondoa. Nikasema labda panya wamekwisha."

Sabela alisimama na majani mkononi. Ghala lao la mahindi lilikuwa palepale mbele yake, kibanda chembamba juu ya nguzo sita za mawe, kuta zake za fito zilizoachana ili upepo upite na kukausha mahindi. Ndani ya ghala lile upepo haukuwa mgeni. Ulikuwa mwenye nyumba.

"Kinafanya kazi," akasema hatimaye, kwa sababu ilibidi aseme kitu. "Lakini si cha panya."

Alimkuta Avelino nyuma ya nyumba, ameketi juu ya gogo, ananoa mundu. Mtu aliyezoea kumwona angejua kuwa mundu ule ulikwisha noleka zamani.

"Baba, ulikihamisha."

Jiwe la kunolea likaendelea. Shwaa, shwaa.

"Baba, nakuuliza wewe. Kile kidude ulikipeleka ghalani. Miezi mitatu! Nilikuwa nikipanda ngazi, nikifagia, nikikwepa hata kugusa lile kabati, na juu yake hapakuwa na kitu."

"Palikuwa na kitu. Niliweka kipande cha mbao, nimekipaka rangi nyeusi."

Sabela hakujua kama apige kelele au acheke. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kwa nini?"

"Wewe si ulitaka karatasi? Karatasi umepata."

"Nilitaka kujua hewa ya chumba, si hewa ya mahindi. Watoto watano, Baba. Na Antía ni wa sita. Antía damu yako."

Mkono wa mzee ukasimama. Alimtazama mkwewe kwa mara ya kwanza siku hiyo, na macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa upepo.

"Ulikuwapo siku tulipomzika Dorinda," akasema.

Dorinda alikuwa mkewe. Alikufa miaka mitatu nyuma kwa ugonjwa wa mapafu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuweka sigara mdomoni.

"Nilikuwapo, Baba."

"Basi uliona. Kila aliyenipa mkono alinitazama hapa." Akagusa mfuko wa shati. "Pakiti ilikuwa hapa. Miaka arobaini na moja nimevuta jikoni kwake, yeye akipika, akifungua dirisha, mimi nikilifunga kwa sababu ya baridi. Daktari hakusema neno, lakini aliuliza nani anavuta humu ndani. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Siku ya mazishi nikatupa pakiti kaburini, na sijavuta tena. Hiyo nimeikubali, Sabela. Naamka nayo, nalala nayo. Nimeshaizoea, kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Halafu unakuja wewe na kidude chako unaniambia labda ni nyumba. Nyumba hii nilimjengea yeye! Alitaka ya mawe, si ya matofali kama ya dada yake. Jiko nililiweka upande huu ili aone njia. Sasa niambie, niongeze na hiyo? Nina mabega mangapi mimi?"

Sabela alikuwa amekuja na maneno makali. Yote yakamkauka. Aliyaacha majani ya kabichi pale chini, akaondoka, na jioni ile walikula supu ya viazi vitupu.

Brais aliposikia, alifunga mlango wa chumba chao kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Obdulia alidhani ni dawa ya panya. Nilimwambia siyo, lakini hajui ni nini."

"Basi na iwe dawa ya panya." Alikaa kitandani akashika kichwa. "Sabela, nisikilize. Kazi ya mjini umeiacha. Vitanda vidogo tumeshanunua. Baraza limetoa kibali. Karatasi inasema sitini na mbili, na karatasi ni karatasi. Tutafungua madirisha. Tutafungua kila siku, nakuapia."

"Januari? Na theluji ikiwa mlangoni? Wewe hulifungui hata la chooni."

"Mimi nimekulia humu! Nitazame. Nina nini?"

"Na mama yako amefia humu."

Neno lilikwisha mtoka. Brais alivua kiatu kimoja, akakiangalia, akakivaa tena. Sabela alitaka kumgusa bega lakini alijua kwamba kuna maneno ambayo mkono haufuti.

"Mpigie mtu wa maabara," Brais akasema mwisho. "Lakini usinifanye mimi niwe wa kumwambia Baba."

Mtu wa maabara aliitwa Iria, dada mchangamfu mwenye miwani na gari lililojaa matope kuliko trekta. Alisikiliza yote bila kushangaa.

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza? Kuna mzee mmoja huko milimani alikipeleka kanisani, akakiweka nyuma ya sanamu ya mtakatifu. Alisema pale hakuna kibaya kinachoingia." Akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Samahani. Leo nimeleta mashine. Hii inasoma yenyewe. Siku saba, milango na madirisha kama kawaida yenu, na mtu asiiguse."

Alisema mtu asiiguse bila kumtazama Avelino, na kwa sababu hakumtazama, wote walijua anamwambia nani. Mzee alijifanya anatafuta kofia yake.

Siku saba zile nyumba ilikaa kama yenye mgonjwa. Sabela alihamishia michezo ya Antía ghorofani. Mtoto alilia akitaka sakafu yake, ile ya mawe makubwa, ambayo alizoea kulala kifudifudi akiburura gari la mbao. Siku ya tano Sabela alishuka akamkuta Avelino amesimama mbele ya mashine, mikono nyuma, umbali wa hatua tatu, kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Kwenye kioo palikuwa na namba. Mzee hakuwa na miwani.

"Inasemaje?"

"Baba, tumsubiri Iria."

"Nimekuuliza inasemaje."

"Elfu moja na mia moja na arobaini."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akafanya jambo ambalo Sabela hakulitarajia. Alipiga goti moja, kwa shida, akaweka kiganja juu ya sakafu pale mawe mawili yalipokutana, akakiacha hapo.

"Naisikia baridi," akasema. "Siku zote hapa palikuwa na kibaridi kinachotoka. Dorinda alikuwa akisema sakafu inapumua. Nikamwambia ni vizuri, jiwe linalopumua halioti ukungu."

Kwenda kurudisha kibali kulimtesa Sabela kuliko kukitafuta. Karani wa baraza, kijana mwenye tai, aliigeuza karatasi juu chini kama noti ya bandia.

"Mama, watu huja hapa kuomba karatasi. Wewe waja kurudisha?"

"Kipimo kilikosewa."

"Nani alikosea? Maabara?"

"Hapana. Sisi."

"Sisi nani?"

Watu wa foleni nyuma yake walikuwa wametega sikio. Sabela alihisi shingo ikimwaka. "Familia," akasema. Karani akaandika neno hilo mahali fulani, akagonga mhuri juu ya kibali: KIMESIMAMISHWA. Akamwambia akipimwa upya na kufaulu, aanze maombi tangu mwanzo. Mwanzo kabisa, hata cheti cha kuzaliwa.

Wazazi aliwaita Jumapili baada ya misa, kwenye kibaraza cha kanisa, maana mvua ilikuwa ikinyesha na hakutaka kuwakutanisha ndani ya nyumba ile. Walikuja watano. Alikuwapo Noelia, mwanamke mwenye sauti kubwa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa kopo, na Xurxo, baba mchanga aliyeachiwa mapacha na mkewe, na mama mmoja mwingine, na mume na mke kutoka bondeni. Avelino alikuwa ametangulia nyumbani, au ndivyo Sabela alivyodhani.

Aliwaeleza. Aliwaambia namba ya kweli. Alisema nyumba haitafunguliwa kesho.

"Itafunguliwa lini basi?" akauliza Noelia.

"Sijui. Labda miezi minne. Sita."

"Sita! Mimi nimebadilisha zamu! Nimempigia msimamizi magoti anipe zamu ya asubuhi, na ameshampa mwingine ya jioni. Sasa nimwambie nini? Kwamba Bi Sabela nyumba yake ina hewa mbaya?"

"Noelia, ni kwa ajili ya mtoto wako."

"Mtoto wangu alale wapi kesho saa kumi na mbili asubuhi, hilo niambie! Gesi, gesi. Bibi zetu wote wameishi kwenye mawe haya wakafika tisini. Na eti kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, cha pili kibaya. Mtu aliyekosea cha kwanza nitajuaje hakukosea cha pili? Au umepata kazi nyingine yenye mshahara mnono, unatuzungusha?"

Wengine walitazama viatu vyao. Jibu Sabela alikuwa nalo, na lilikuwa fupi, lakini kulitamka ni kumvua mzee nguo mbele ya kanisa alikobatizwa.

"Hakukosea yeye."

Avelino alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, kofia mkononi, mvua inamdondoka masikioni. Alisogea mpaka katikati yao.

"Nilikiiba mimi. Kile kidude. Nikakitia ghalani kwenye upepo ili namba iwe ndogo. Yeye hakujua. Alipojua hakukaa nalo hata siku moja. Kwa hiyo, Noelia, kama una la kusema, mwenyewe mimi hapa."

"Lakini kwa nini, Mzee Avelino?" Xurxo akauliza kwa upole.

Mzee alizungusha kofia vidoleni. "Kwa sababu mimi ndiye niliyeijenga," akasema.

Noelia alimtazama kwa hasira iliyokosa pa kukaa. Alimshika mwanawe mkono, akafungua mwavuli kwa kishindo, akaondoka. Mama mwingine akamfuata. Siku ile ile habari zilifika kwenye baa ya njia panda, na kwa wiki nzima Avelino hakuenda kucheza karata, maana aliambiwa kuna mcheshi aliyening'iniza kibiriti cheusi juu ya kiti chake.

Iria aliporudi alichora mpango nyuma ya bahasha. Kuchimba shimo chini ya sakafu, kubwa kama beseni, mahali pa katikati. Kutoa bomba kutoka kwenye shimo mpaka nje, lipande ukuta na kupita paa. Kufunga feni ndogo kwenye bomba, ivute hewa ya chini usiku na mchana kabla haijaingia ndani. Kisha kuziba nyufa zote. Fundi wa mjini alitaka yuro elfu mbili na mia nane. Brais alipiga mluzi.

"Bomba na feni ni kiasi gani?" Avelino akauliza.

"Bila fundi? Kama mia tatu na hamsini."

"Fundi yupo."

Alianza Jumatatu ya pili ya Machi. Siku ambayo watoto wangekuwa wamekwisha izoea sakafu ile, yeye aliibandua. Alikataa mashine ya kutoboa ya Brais. Alisema mawe yale yanajuana na patasi yake. Aliling'oa jiwe la katikati zima bila kulivunja pembe, akaliegemeza ukutani, akaanza kuchimba. Brais akirudi kazini alikuwa akibeba ndoo za udongo, baba na mwana wakipishana mlangoni bila maneno, ila "shika," "inua," "polepole." Jioni moja, lakini, Sabela aliwasikia wakicheka chini kule. Jiwe moja la msingi lilikuwa na herufi zilizochorwa kwa patasi, A na D, na chini yake mwaka waliooana. Brais hakuwahi kujua.

"Mlikuwa mnachumbiana kwenye saruji?"

"Ee. Mama yako ndiye aliyeshika tochi. Chimba."

Ilikuwa siku Iria alipokuja kukagua shimo ndipo Avelino alipouliza. Sabela alikuwa pale, anamlisha Antía ngazini. Mzee alikuwa ndani ya shimo mpaka magotini, akamwangalia yule dada wa maabara kutoka chini.

"Wewe umesoma. Mke wangu alikufa kwa mapafu. Mimi nilikuwa navuta. Na nyumba ndiyo hii. Ni ipi iliyomuua?"

Iria alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

"Siwezi kukwambia, Mzee."

"Sema tu. Mimi si mtoto."

"Sikufichi. Hakuna anayeweza. Radoni na moshi wa tumbaku husaidiana. Ni kama ng'ombe wawili kwenye jembe moja. Ukishalima shamba, nani atakuonyesha mtaro huu umelimwa na ng'ombe yupi? Na huenda ikawa kitu cha tatu kabisa. Ila hili naweza kukwambia: kuhusu nyumba hukujua. Wakati ule huku kwetu ni nani aliyekuwa akipima?"

Avelino alifikiri. Alichukua udongo kidogo, akausugua vidoleni.

"Kuhusu nyumba sikujua," akakubali. "Kuhusu tumbaku nilijua. Daktari aliyenitibu mguu aliniambia zamani sana. Niliendelea kuvuta."

Hakuna aliyempinga, na Sabela baadaye alimshukuru Iria moyoni kwa kutompinga. Kuna faraja nyingine ni matusi. Mzee aliinama, akaendelea kuchimba, na Sabela aliona kwamba mabega yake, ambayo alidhani yangeshuka, yalikuwa yametulia tu, kama ya mtu aliyepewa mzigo ukapimwa kwenye mizani, akajua ni kilo ngapi.

Feni iliwashwa siku ya Mtakatifu Marko, mwishoni mwa Aprili. Ilikuwa na mlio mdogo, kama nyuki aliye chumba cha jirani. Nyufa zilizibwa, jiwe la katikati likarudi mahali pake na tundu la bomba pembeni yake. Mashine ya Iria ikakaa wiki mbili, na mara hii kila aliyeingia alisimama mbali nayo bila kuambiwa. Namba ikashuka siku hadi siku: mia sita, mia tatu na ishirini, mia na kumi. Iria aliposoma wastani wa mwisho ulikuwa themanini na nne.

"Soma tena," Avelino akasema.

"Themanini na nne, Mzee."

"Ghala lilikuwa sitini na mbili." Akakunja midomo. "Si mbaya kwa nyumba."

Kidude kingine cheusi kiliwekwa juu ya kabati kwa miezi mitatu, kwa ajili ya baraza. Sabela alianza maombi tangu cheti cha kuzaliwa. Kati ya wale watoto watano, watatu walirudishwa kwenye orodha: mapacha wa Xurxo na msichana mmoja wa bondeni. Baraza likamwahidi Septemba. Wakati huohuo Sabela alirudi kuosha wazee siku nne kwa wiki, na msimamizi wake, aliyempokea kwa tabasamu la kando, alimpa zamu ambayo wengine waliikataa. Aliifanya.

Jumamosi moja ya Julai alikuwa akianika nguo alipomwona mkwewe ametoka na shati jeupe, lile la misa, na sanduku la kadibodi kwapani.

"Unakwenda wapi, Baba, na joto hili?"

"Kuna kazi."

Sabela alichungulia ndani ya sanduku. Vidude vyeusi, kila kimoja kwenye kifuko chake. Tisa.

"Umevipata wapi?"

"Kwa Iria. Kijiji kikijipanga chenyewe, maabara inatoa bure. Nimejipanga." Aliona bado anamkodolea macho. "Hapa Penaboa na bondeni nimejenga nyumba tisa ukiacha hii. Mawe yale yale, kutoka kilima kile kile. Sakafu niliziweka kwa namna ile ile, na nilikuwa nikijisifu. Umenielewa?"

Sabela aliliacha beseni la nguo. "Ngoja nivae viatu."

"Sikukuita."

"Najua."

Mlango wa kwanza aliopiga hodi haukuwa wa karibu. Walipita kwa Obdulia, wakapita kwa kinyozi. Aliteremka mpaka mwisho wa njia, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi za nje, aliyomjengea marehemu fundi seremala miaka thelathini nyuma. Siku hizi aliishi humo binti wa yule seremala. Noelia alifungua mlango akiwa bado na kofia ya kiwandani kichwani, na alipomwona nani amesimama pale, uso wake ukajifunga.

"Mmekuja kuniuzia nini?"

Avelino alivua kofia.

"Siuzi kitu, mwanangu. Nyumba hii niliijenga mimi. Nimekuja kuipima, kama utaniruhusu. Hakuna malipo. Ikiwa mbovu, nitaitengeneza mwenyewe, kama Mungu atanipa nguvu."

Noelia alimtazama mzee, akalitazama sanduku, kisha akamtazama Sabela. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mtoto ikiiga mngurumo wa gari, na magurudumu madogo yakipita juu ya mawe.

"Na safari hii hutakipeleka kwenye mahindi?" Noelia akauliza.

"Wewe utakaa na ufunguo wa chumba."

Noelia alibaki amesimama, mkono kwenye kitasa, muda ambao mtu angeweza kusema Salamu Maria nzima. Kisha akasogea kando.

Mzee Avelino aliingia kichwa kimeinama, akafuta viatu vyake mara mbili kwenye kizingiti alichokichonga yeye mwenyewe, akasimama kungoja macho yazoee giza la ndani.

"Nionyeshe," akasema, "mtoto analala wapi."